Dkt. Sun Yat-sen: Opera ya Kichina Inayopima Gharama ya Mapenzi na Uzalendo

Jina la Dkt. Sun Yat-sen linafahamika katika historia ya dunia kama jina la kiongozi aliyeongoza harakati za kuuangusha utawala wa kifalme nchini China na kuwa Rais wa muda wa kwanza wa Jamhuri tarehe 1 Januari 1912. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba maisha yake ya ndoa yametungiwa opera kwa lugha ya Kichina. Opera hiyo iliyobeba jina lake ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Hong Kong mwezi Oktoba 2011, na kisha Santa Fe nchini Marekani mwezi Julai 2014.

Opera hiyo haikujengwa juu ya hotuba za kisiasa wala mapigano ya uwanja wa vita. Imejengwa juu ya swali linalogusa kila familia yenye mtu aliyejitoa kwa ajili ya umma: je, anayeipenda nchi yake anawalipa nini wale wanaompenda yeye? Swali hilo linaulizwa kupitia watu watano: kiongozi, mwanamke kijana anayemfuata, baba wa mwanamke huyo, rafiki wa kigeni, na mke wa kwanza anayeombwa akubali kuachwa.

Kwa Watanzania, uhusiano na China si jambo geni. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa katika miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ni kielelezo kinachoonekana kwa macho. Kwa upande wa sanaa, mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, "Mao Doudou na Mama Wakwe Zake", ambayo ilitajwa na Rais Xi Jinping katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Tamthilia hiyo ilihusu mke, mume na wakwe. Opera inayoelezwa hapa nayo, kwa kiasi kikubwa, inahusu mambo hayo hayo, ingawa waliomo ndani yake ni watu waliobadili historia.

Opera ya jadi na opera ya kisasa

China ina utamaduni mrefu wa maigizo ya kuimba. Yapo maigizo ya jadi yenye mamia ya mitindo ya kimaeneo, ambayo mwigizaji wake hujifunza tangu utotoni namna ya kuimba, kutembea, kupigana jukwaani na kupaka rangi usoni. Miongoni mwake ni Kunqu, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, na opera ya Beijing, iliyoingizwa mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Katika mitindo hiyo, miondoko na tuni nyingi zimerithiwa, na kazi ya msanii ni kuzitekeleza kwa ustadi unaozidi ule wa waliomtangulia.

Opera ya kisasa ya Kichina ni tawi jingine. Huandikiwa muziki mpya tangu mwanzo hadi mwisho, huimbwa na wasanii waliofunzwa uimbaji wa aina ya Ulaya, na mara nyingi huandamana na okestra kamili. Kazi inayohesabiwa kuwa msingi wake ni "Msichana Mwenye Nywele Nyeupe", iliyoonyeshwa Yan'an mwaka 1945, inayosimulia binti wa mkulima aliyechukuliwa na mwenye ardhi kwa sababu ya deni la baba yake, akakimbilia milimani hadi nywele zake zikabadilika rangi. Mwaka 1981 mtunzi Shi Guangnan alitoa opera iliyotokana na hadithi ya mapenzi ya mwandishi Lu Xun, na mwaka 1987 Jin Xiang alitoa "Nyika", iliyotokana na tamthilia ya Cao Yu. Opera hiyo ya Jin Xiang ilionyeshwa Washington mwaka 1992.

Kwa hiyo opera ya Dkt. Sun haikuzuka peke yake. Ilikuta njia imekwisha kufunguliwa, ambamo mapenzi ya mtu binafsi na misukosuko ya taifa husimuliwa kwa pamoja.

Walioitunga

Muziki wa opera hiyo ulitungwa na Huang Ruo, aliyezaliwa mwaka 1976 katika kisiwa cha Hainan, kusini mwa China. Baba yake alikuwa mtunzi wa muziki. Akiwa na umri wa miaka 12 alijiunga na Chuo cha Muziki cha Shanghai, na baadaye akaendelea na masomo nchini Marekani, ikiwemo katika shule ya Juilliard mjini New York. Maneno ya opera yaliandikwa kwa Kichina na Candace Chong Mui-ngam, mwandishi wa tamthilia wa Hong Kong.

Kazi hiyo iliagizwa na taasisi ya Opera Hong Kong kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 100 ya Mapinduzi ya mwaka 1911. Ingekuwa rahisi kwa watunzi kuandika sifa tupu za kiongozi. Badala yake walichagua kumweka sebuleni na bustanini, mahali ambapo kiongozi hana jukwaa la kuhutubia na hulazimika kujibu kama mume, rafiki na mkwe.

Kisa na historia yake

Ili kuielewa opera hiyo, ni vyema kufahamu historia iliyo nyuma yake. Sun Yat-sen alizaliwa tarehe 12 Novemba 1866 katika kijiji cha Cuiheng, mkoa wa Guangdong. Alisoma Hawaii akiwa kijana, kisha akahitimu udaktari Hong Kong mwaka 1892. Mwaka 1885 alikuwa ameozeshwa kwa mpango wa wazazi kwa Lu Muzhen, mwanamke wa eneo la kwao, wakapata watoto watatu. Kwa miaka mingi Dkt. Sun aliishi uhamishoni akitafuta fedha na wafuasi wa mapinduzi, huku mkewe akilea watoto na kuwatunza wakwe.

Miongoni mwa waliomfadhili alikuwa Charlie Soong wa Shanghai, Mkristo wa Kimethodisti aliyepata elimu Marekani na kujijenga kwa biashara, ikiwemo uchapaji wa Biblia. Mfadhili mwingine alikuwa Umeya Shokichi, Mjapani aliyekutana na Dkt. Sun Hong Kong mwaka 1895 na ambaye baadaye alitajirika kwa biashara ya sinema. Urafiki wake na Dkt. Sun ulidumu hadi mwisho wa maisha ya kiongozi huyo.

Opera inaanzia nyumbani kwa Charlie Soong mjini Shanghai. Wageni wamekusanyika kwa karamu, lakini shabaha ya karamu hiyo ni kuchangisha fedha za harakati. Hapo ndipo Dkt. Sun anapokutana na Soong Ching-ling, binti wa mwenyeji wake. Furaha inakatizwa na habari kwamba kichwa cha Dkt. Sun kimetangaziwa zawadi, naye analazimika kukimbia. Tukio hilo linaakisi hali halisi ya mwaka 1913, ambapo jaribio la kumpinga Yuan Shikai lilishindwa na Dkt. Sun akakimbilia Japani.

Sehemu ya pili inahamia Tokyo, katika makazi ya Umeya. Mapenzi kati ya Dkt. Sun na Ching-ling yamekwisha kukomaa, na ndoa inaandaliwa. Kihistoria, ndoa hiyo ilifungwa tarehe 25 Oktoba 1915. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 48, bibi harusi 22. Ching-ling alikuwa amehitimu mwaka 1913 katika Chuo cha Wesleyan kilichopo Macon, jimbo la Georgia, Marekani. Wazazi wake waliipinga ndoa hiyo kwa nguvu. Kwa masimulizi aliyoyatoa mwenyewe baadaye, alizuiliwa nyumbani Shanghai na akatoroka kupitia dirishani ili asafiri kwenda Japani.

Katika sehemu hii watunzi wameweka mambo mawili yanayobeba uzito wote wa opera. La kwanza ni ujio wa Lu Muzhen. Mwanamke huyo wa kizazi cha zamani, mwenye miguu iliyofungwa tangu utotoni kwa mila ya wakati huo, anafika na kukubali talaka. Angeweza kuletwa jukwaani kama kizuizi cha mapenzi, au kama mtu wa kuchekwa kwa ushamba wake. Haikuwa hivyo. Anaingia kwa heshima, anasema alilokuja kusema, na mtazamaji anabaki akijiuliza ni nani kati ya wanawake wawili aliyetoa zaidi. Mmoja anampa Dkt. Sun ujana wake. Mwingine anamrudishia uhuru baada ya kumpa miaka 30.

La pili ni hasira ya Charlie Soong. Huyu ndiye aliyetoa mali yake kwa mapinduzi na kumkaribisha Dkt. Sun kama ndugu. Sasa rafiki huyo amemwoa binti yake, tena bila ridhaa yake. Kwa mila za Kichina, na kwa hakika kwa mila za jamii nyingi za Kiafrika, kumwoa mtoto wa rafiki wa rika lako bila baraka zake ni kuvunja uhusiano wa nyumba mbili. Baba anaukana urafiki na kumkana binti. Katika historia, Charlie Soong alifariki dunia mwaka 1918, chini ya miaka mitatu baada ya ndoa hiyo.

Sehemu ya tatu inaleta gharama nyingine. Wanandoa wanashambuliwa na kulazimika kukimbia, na Ching-ling anapoteza mimba. Tukio hilo limetokana na shambulio la tarehe 16 Juni 1922 mjini Guangzhou, ambapo majeshi ya Chen Jiongming yaliyavamia makao ya Dkt. Sun. Ching-ling alimtaka mumewe atangulie kuondoka kwa kuwa maisha yake yalihitajika zaidi kwa nchi, naye akabaki nyuma kwa saa kadhaa katikati ya risasi. Aliokoka, lakini mimba iliharibika, na hakupata mtoto tena.

Kuimba kwa lugha yenye toni

Jambo linaloitofautisha opera hii na zile za Kitaliano au za Kijerumani ni lugha yenyewe. Kichina cha Mandarini kina toni nne. Silabi "ma" ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ina maana ya mama. Ikipanda ni katani. Ikishuka na kupanda ni farasi. Na ikishuka kwa ghafla ni kutukana. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kupata picha ndogo ya jambo hilo kwa kulinganisha maneno mawili yaandikwayo "barabara": moja likiwa njia ya magari, jingine likiwa na maana ya sawasawa, tofauti yake ikiwa ni mahali mkazo unapowekwa. Katika Kichina tofauti ya namna hiyo imo karibu katika kila silabi.

Kwa mtunzi wa muziki, hilo ni sharti gumu. Tuni ikipanda mahali ambapo neno linatakiwa kushuka, maana huweza kupotea au kugeuka. Mtunzi hana budi kusikiliza namna sentensi inavyosemwa kabla ya kuamua namna itakavyoimbwa. Maigizo ya jadi ya Kichina yalikwisha kutatua tatizo hilo kwa namna yake, kwa kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine ndani ya silabi moja, na Huang Ruo aliufahamu urithi huo vizuri.

Kwa waimbaji wa Santa Fe sharti hilo lilikuwa zito zaidi. Nafasi ya Ching-ling iliimbwa na Corinne Winters, mwenye sauti ya soprano, na nafasi ya Dkt. Sun iliimbwa na Joseph Dennis, mwenye sauti ambayo wanakwaya wengi nchini huijua kama sauti ya tatu. Wote wawili ni Wamarekani, na walilazimika kujifunza matamshi ya Kichina neno kwa neno. Gong Dong-Jian, mwimbaji wa besi kutoka China, aliimba nafasi ya Charlie Soong. Okestra iliongozwa na Carolyn Kuan, na uongozaji wa jukwaa ulifanywa na James Robinson.

Ala za Mashariki na Magharibi

Toleo la Hong Kong mwaka 2011 lilipigwa na Okestra ya Kichina ya Hong Kong, ambayo hutumia ala za jadi zilizopangwa kwa mfumo wa okestra kubwa. Katika okestra ya aina hiyo, erhu yenye nyuzi mbili hushika nafasi ya fidla, pipa hupigwa kwa vidole kama udi, dizi ni filimbi ya mwanzi, na sheng ni ala ya mabomba mengi yanayotoa sauti kadhaa kwa pamoja. Suona, yenye sauti kali ya kuita watu, ni ya ukoo mmoja na zumari inayosikika katika ngoma za pwani ya Afrika Mashariki.

Kwa ajili ya Santa Fe, Huang Ruo aliupanga upya muziki wake ili baadhi ya ala za Kichina ziungane na okestra ya Kimagharibi. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana ya kisanaa. Charlie na binti yake walisoma Marekani, Dkt. Sun alilelewa kati ya kijiji cha Guangdong, Hawaii na Hong Kong. Watu walioishi kati ya dunia mbili walipata muziki unaotoka katika dunia zote mbili.

Kutoka Beijing iliyoahirishwa hadi Santa Fe

Safari ya opera hiyo haikuwa nyepesi. Onyesho la kwanza lilipangwa kufanyika Beijing, katika Kituo cha Taifa cha Sanaa za Maonyesho, mwishoni mwa Septemba 2011. Onyesho hilo halikufanyika, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kimaandalizi. Hivyo Hong Kong ikawa ya kwanza kuipokea, nafasi ya Dkt. Sun ikiimbwa na Warren Mok, mwanzilishi wa Opera Hong Kong.

Tarehe 26 Julai 2014 ilifika Santa Fe, katika jimbo la New Mexico. Jumba la opera la mji huo, lililoanza maonyesho mwaka 1957, lina ubavu ulio wazi kiasi kwamba watazamaji huona milima na anga ya jioni nyuma ya jukwaa. Mbele ya kila kiti kuna kioo kidogo cha kuonyesha tafsiri ya maneno yanayoimbwa. Kwa njia hiyo, watu wasiojua hata neno moja la Kichina waliweza kufuatilia mazungumzo ya baba na binti yake na kuyaelewa bila kuhitaji maelezo zaidi.

Mambo ya kuzingatia kwa mtazamaji

Anayeitazama opera hii kwa mara ya kwanza anaweza kunufaika kwa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, asitarajie kasi ya filamu. Katika opera, dakika moja ya uamuzi huweza kuimbwa kwa dakika kumi, kwa sababu shabaha ni kuonyesha kinachotokea ndani ya moyo wakati uamuzi unafanyika. Aliyezoea kusikiliza taarab anaielewa subira hiyo.

Pili, afuatilie mazungumzo ya kujibizana. Wahusika hushindana kwa hoja kwa njia ya kuimba, kila mmoja akitetea upande wake, jambo linalokaribiana na ngonjera zilizostawishwa na Mathias Mnyampala katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Tofauti ni kwamba katika opera wahusika wawili au watatu huweza kuimba kwa wakati mmoja wakisema mambo yanayopingana, na muziki ukawashika wote pamoja.

Tatu, awatazame wasiokuwa katikati ya jukwaa. Umeya anatoa nyumba yake na fedha zake kwa ajili ya nchi isiyokuwa yake. Lu Muzhen anaondoka. Charlie anaumia. Bila watu hao, kiongozi asingekuwa na mahali pa kulala, fedha za kusafiria wala haki ya kuoa.

Baada ya pazia kushuka

Historia iliendelea mbele zaidi ya mwisho wa opera. Dkt. Sun alifariki dunia kwa saratani mjini Beijing tarehe 12 Machi 1925, akiwa na umri wa miaka 58. Mwaka 1929 mwili wake ulizikwa katika kaburi kubwa la kumbukumbu lililojengwa kwenye mlima mjini Nanjing. Umeya, kwa fedha zake mwenyewe, alitengenezesha sanamu nne za shaba za rafiki yake na kuzitoa kwa China. Lu Muzhen aliishi Macau hadi alipofariki dunia mwaka 1952.

Soong Ching-ling alikuwa mjane akiwa na umri wa miaka 32, na hakuolewa tena. Ndoa iliyomgharimu baraka za wazazi wake ilikuwa imedumu kwa chini ya miaka kumi. Kwa miaka 56 iliyofuata alijishughulisha na siasa, misaada ya vita na ustawi wa watoto. Dada yake mdogo, Mei-ling, aliolewa na Chiang Kai-shek, na familia hiyo ikagawanyika kwa siasa kama taifa lenyewe lilivyogawanyika. Mwezi Mei 1981, siku chache kabla ya kifo chake, alipewa heshima ya Rais wa Heshima wa Jamhuri ya Watu wa China.

Wengi wangetarajia kwamba angezikwa Nanjing, kando ya mume aliyemtorokea nyumbani. Kwa matakwa yake, alizikwa Shanghai, katika eneo la makaburi ya familia ya Soong, karibu na baba na mama yake. Upande wa pili wa kaburi hilo la wazazi amelazwa Li Yan'e, msaidizi wake wa nyumbani aliyeishi naye kwa zaidi ya miaka 50 na kufariki dunia miezi michache kabla yake.

Binti aliyeondoka kwa baba yake mwaka 1915 kwa ajili ya mapenzi na nchi, alirudi kwake mwaka 1981. Hiyo ndiyo gharama ambayo opera ya Huang Ruo na Candace Chong inamwomba mtazamaji aipime: kwamba nyuma ya kila jina lililoandikwa katika vitabu vya historia kuna nyumba iliyolipa, na kwamba deni hilo, hata likichelewa, mwenye upendo halisahau.